Kuliwahi Ua kwa Saa Yake

Watu wakijua kwamba mimi husafiri kwenda kutazama maua, huniuliza, "Niende mwezi gani?" Sina jibu mpaka wanitajie ua. Katika safari za namna hii mwezi huja mwisho. Kinachotangulia ni kujua kitu kinacholiamsha ua lenyewe. Yapo maua yanayongoja baridi ipite, yapo yanayongoja mvua, yapo yanayongoja jua la siku hiyohiyo, na lipo moja ninalolipenda kuliko yote ambalo hungoja miaka kumi na miwili. Mtu akishaelewa ua lake linangoja nini, anaweza kuisoma hali ya hewa ya mwaka huo na kujua tarehe zake azisogeze upande gani.

Chukua sakura, maua ya micheri ya Japani. Matumba yake hufungwa tangu kiangazi cha mwaka uliotangulia, kisha hulala. Baridi ya kipupwe ndiyo inayovunja usingizi huo, na baada ya hapo joto ndilo linaloyasukuma yafunguke. Kipupwe chenye baridi ya kutosha kikifuatwa na Machi yenye joto, maua huwahi. Machi ikiwa ya baridi, hukawia. Kwa Tokyo iko hesabu rahisi inayotumiwa na wengi: kuanzia tarehe 1 Februari unajumlisha kiwango cha juu cha joto cha kila siku, na jumla ikikaribia nyuzi 600, miti huanza kuchanua. Tangu nianze kufanya hesabu hiyo mwenyewe kwa takwimu za hali ya hewa zinazotangazwa kila siku, sihangaishwi tena na uvumi kwamba mwaka huu yatawahi au yatachelewa. Naiona jumla inavyopanda, na naona kama wiki ya joto imeikimbiza au wiki ya baridi imeikwamisha.

Jambo la pili kuhusu sakura ni kuelewa kinachotangazwa. Idara ya Hali ya Hewa ya Japani ina miti yake maalumu ya kupimia, na ule wa Tokyo upo katika hekalu la Yasukuni. Maua matano au sita yakifunguka kwenye mti huo, inatangazwa kwamba sakura imeanza. Kuchanua kikamilifu hutangazwa pale asilimia 80 au zaidi ya matumba yanapokuwa yamefunguka, na kati ya matangazo hayo mawili hupita kama wiki moja. Anayelisikia la kwanza akakimbia siku hiyohiyo atayakuta matawi yamejaa matumba, na maua ya kuhesabu. Mimi nalichukulia tangazo la kwanza kama ishara ya kufunga mizigo. Halafu natazama utabiri wa upepo na mvua kwa siku zinazofuata, kwa sababu maua yaliyofunguka yote hayastahimili dhoruba hata ya usiku mmoja.

Sehemu kubwa ya micheri ya mijini ni ya aina iitwayo Somei-yoshino, ambayo huzalishwa kwa kupandikiza, kwa hiyo miti yote ni nakala za mti mmoja. Ndiyo maana mtaa mzima huchanua kwa pamoja na kupukutika kwa pamoja. Kwa macho ni neema kubwa, lakini kwa mpangaji wa safari ni hatari, maana ukikosa siku zake huna mti mwingine wa kukuokoa katika mji huo. Hapo ndipo nilipojifunza kuutumia mlima.

Mlima Yoshino, katika mkoa wa Nara, una micheri ipatayo 30,000, na wenyeji huigawa katika sehemu nne kufuata mwinuko: Shimo Senbon chini, kisha Naka Senbon, Kami Senbon, na juu kabisa Oku Senbon. Sehemu kubwa ya miti ya huko ni ya aina ya porini, haifanani kama ile ya mijini. Maua huanzia chini mapema Aprili, kisha huupanda mlima kidogo kidogo, na na sehemu ya juu kabisa huweza kungoja hadi katikati ya mwezi au hata baada ya hapo. Nilipofika kule, miti ya chini ilikuwa imeshavaa majani mapya na njia imejaa petali. Nikapanda. Nilipoikaribia Kami Senbon nilijikuta ndani ya maua yaliyofunguka asubuhi ileile, na juu yake kulikuwa na matumba mekundu ambayo hayajafanya lolote. Kwa saa chache za kutembea nilikuwa nimeupitia msimu wote, nikianzia mwisho wake na kurudi mwanzo.

Tangu siku hiyo sipangi safari ya maua kwenda mahali pamoja tu, ila kwenye mteremko. Kuna kanuni ya zamani inayonisaidia. Mwaka 1918 Andrew Delmar Hopkins, mtaalamu wa wadudu wa Marekani, aliandika kwamba dalili za majira ya kuchipua huchelewa siku nne hivi kwa kila digrii moja ya latitudo unapokwenda kaskazini, na siku nne hivi kwa kila futi 400 unapopanda, yaani kama mita 120. Ni kanuni ya nchi zenye kipupwe, na haikusudiwi kuwa saa ya ukutani, lakini kwa kupanga inatosha sana. Bonde na kilele vinavyopishana mita 600 vinaweza kupishana karibu siku ishirini. Kwa hiyo ninapotafuta pa kulala, nafungua ramani yenye mistari ya mwinuko kabla sijaangalia kitu kingine, na napenda mahali pa katikati: nikiwa nimewahi nashuka bondeni, nikiwa nimechelewa napanda.

Kanuni hii inafanya kazi hata jangwani. Katika Death Valley, Marekani, maua ya bondeni hutokea kati ya katikati ya Februari na katikati ya Aprili, ya miteremkoni hufuata Aprili na Mei, na ya juu milimani huendelea hadi Julai. Kusini mwa Ufaransa, lavenda ya uwanda wa Valensole huvunwa kuanzia Julai, ilhali ya Sault, iliyo juu zaidi, hukawia baada yake. Aliyechelewa Valensole bado anayo Sault.

Maua ya mvua yana tabia nyingine kabisa, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndiyo yaliyonifundisha zaidi.

Namaqualand ipo kaskazini magharibi mwa Afrika Kusini. Sehemu kubwa ya mwaka ni nchi kame ya mawe na vichaka vifupi. Mvua yake ni ya kipupwe, kuanzia Mei hadi Julai hivi, na Agosti na Septemba ardhi hufunikwa na maua ya rangi ya chungwa, njano, nyeupe na zambarau. Hiyo ndiyo picha inayojulikana. Nilichokuja kukielewa baadaye ni kwamba wingi wa mvua peke yake hauamui msimu; msimu huamuliwa pia na mpangilio wa mvua hiyo. Mvua ikinyesha mapema na kurudi mara kwa mara, miche hukua vizuri. Ikinyesha mara moja kwa nguvu kisha ikakatika, mbegu huota na miche kufa kabla ya kutoa ua. Halafu kuna upepo wa joto unaotoka bara, ambao unaweza kuyakausha maua katikati ya msimu mzuri. Kwa hiyo kuanzia Mei nafuatilia mvua ya Namaqualand kila baada ya wiki kadhaa na kuandika imenyesha lini na ikakaa muda gani bila kurudi. Kufikia mwisho wa Julai daftari langu linanionyesha kama mwaka ni wa kwenda au wa kungoja.

Ipo pia saa ya siku, na hii wageni wengi hawaitilii maanani. Deizi za huko hufunguka jua likishapata nguvu. Asubuhi zimefumbwa, siku ya mawingu hubaki zimefumbwa hadi jioni, na mtu anaweza kupita kando ya shamba lililojaa maua akaona kijani tupu. Saa zake ni kuanzia kama saa nne na nusu asubuhi hadi saa kumi alasiri, na nzuri zaidi ni kati ya saa tano na saa tisa. Asubuhi mimi naitumia kwa barabara, ili jua linapokolea niwe nimeshafika mahali nilipopachagua, na siku ikiwa na mawingu nabadilisha ratiba yote: natembelea miamba, natazama ndege, napumzika. Siku ya jua ikija siipotezi kwa kitu kingine chochote.

Tena maua hayo hulielekea jua, nalo katika kizio cha kusini hukaa upande wa kaskazini. Ukienda ukielekea kaskazini, unaona migongo ya maua iliyopauka. Ukielekea kusini, jua likiwa mgongoni kwako, nyuso zote zinakutazama. Mara ya kwanza nilipogeuka nyuma na kuona tofauti nilisimama palepale, kwa sababu ilikuwa kama kuwashiwa taa kwenye uwanja uleule niliokwisha kuupita. Sasa naingilia mji wa Springbok, kaskazini, karibu na hifadhi ya Goegap, kisha nashuka kusini. Na kwa bahati njema msimu wenyewe huelekea hukohuko: maua huanzia kaskazini na kusogea kusini kadiri wiki zinavyokwenda. Mwishoni mwa njia, katika Hifadhi ya Taifa ya West Coast, ipo sehemu ya Postberg ambayo hufunguliwa kwa wageni Agosti na Septemba tu. Kuijua kalenda ya lango ni sehemu ya kulijua ua.

Maua ya mibuni nayo ni ya mvua, na ni ya haraka kuliko yote ninayoyajua. Matumba hukaa yamelala wakati wa ukavu. Mvua ya kwanza nzuri huyaamsha, na baada ya siku kama saba hadi kumi shamba zima huwa jeupe na kunukia kama asumini. Siku mbili tatu, basi. Hayo huwezi kuyapangia kwa miezi. Unahitaji mtu aliyeko shambani atakayekuambia, "Jana imenyesha."

Kitulo ni kinyume chake. Hifadhi hii ya Tanzania ilitangazwa mwaka 2005, na ni ya kwanza katika ukanda wa tropiki wa Afrika kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Ni uwanda wa nyasi ulio mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, wenye aina zipatazo 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Maua huja na mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, na hapo ndipo ugumu wa kupanga ulipo, kwa sababu mvua inayoleta maua ndiyo inayoharibu barabara. Wapo wanaochagua Julai ili wapite pakavu. Watapita vizuri, na watakuta baridi kali na nyasi.

Ushauri wangu ni kuukubali msimu wa mvua kama ulivyo na kuupangia. Barabara inayopanda kutoka Chimala kwenda Matamba ina kona nyingi hata inajulikana kwa jina la Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Ipande mchana, kwa gari lenye nguvu magurudumu yote manne, na dereva asiye na haraka. Weka siku ya ziada ya kupanda na siku ya ziada ya kushuka, halafu usizihesabu siku hizo kama siku za maua. Chukua koti la mvua, buti na sweta nzito, hata kama huko utokako ni joto. Mimi asubuhi ndizo zilizonipa anga wazi, na mchana ukungu ulishuka hadi magotini, basi nilikuwa nje mapema kila siku.

Kilichonishangaza Kitulo ni kwamba hakuna wiki moja ya kilele. Nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwa akituongoza, "Baba, tumefika wakati wenyewe au tumewahi?" Akajibu, "Mwanangu, hapa hakuna kuwahi. Wiki hii utaona haya, ukirudi mwezi ujao haya hayapo, yapo mengine." Akainama akanionyesha okidi ndogo ya kijani ambayo nilikuwa nimeshairuka bila kuiona. Uwanda ule hubadilisha maua yake wiki hadi wiki, aina moja ikiondoka nyingine inaingia. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kwenda mahali kama Kitulo ni: mwezi huu nitakuta nini? Anayetaka okidi aseme okidi, anayetaka uwanda mzima uwe na rangi aseme hivyo, na wanaokaa hukohuko watampa majibu mawili tofauti.

Mzee yuleyule alitueleza pia kwa nini tusitoke nje ya njia. Okidi zina viazi chini ya ardhi, na viazi hivyo vimechimbwa kwa wingi na kuvushwa mpaka kwenda kuuzwa Zambia. Mmea uliong'olewa hivyo haurudi. Nilipokuwa natembea katikati ya maua yale niliyaona kwa macho mengine, kama viumbe walionusurika.

Kuna maua ambayo hayafi kwa msimu wake bali kwa mkono wa mtu, na msafiri ni lazima alijue hilo. Mashamba ya tulipu ya Uholanzi ni ya kuzalisha matunguu, yaani ile sehemu nene ya chini ya ardhi inayoota tulipu mpya, wala hayakupandwa kwa ajili ya kutazamwa. Maua yakishachanua na mkulima akayakagua, mashine hupita na kukata vichwa, ili nguvu ya mmea irudi kwenye tunguu. Shamba lililokuwa jekundu jioni linaweza kuwa kijani kesho yake mchana. Ndiyo maana ninapokwenda huko natumia bustani ya Keukenhof, mjini Lisse, kama nguzo ya safari: hufunguliwa kwa wiki nane hivi kati ya Machi na Mei, matunguu yapatayo milioni 7 hupandwa kila mwaka, na wapandaji huchanganya aina za kuwahi na za kuchelewa ili pasiwe na siku tupu. Mashamba nayachukua kama zawadi. Nikiyakuta nashukuru, na nikikuta yamekatwa bado nina bustani.

Sasa kuhusu habari, yaani namna ya kujua maua yako wapi leo. Picha za mtandaoni ni msaada mkubwa ila zina udhaifu mmoja: mtu hutuma leo picha ya mwaka jana. Natafuta tarehe ya kupigwa kwa picha, na isipokuwepo siitumii. Programu ya iNaturalist, ambamo watu huweka mimea na viumbe walivyoviona, imenifaa kuliko chochote, kwa sababu kila uoni una tarehe na mahali, na kwa kila aina ya mmea kuna mchoro unaoonyesha umeonekana miezi gani. Naangalia aina ninayoitaka, mahali ninapopataka, miaka kadhaa nyuma, na hapo napata upana wa msimu: mwaka uliowahi uliwahi kiasi gani, uliochelewa ulichelewa kiasi gani. Upana huo ni wa thamani zaidi ya wastani. Katika kusini mwa California, taasisi ya Theodore Payne Foundation hutoa taarifa ya maua ya porini kila wiki katika msimu, kuanzia Machi, na nimeona watu wakibadilisha njia yao ya safari kwa sababu ya taarifa hiyo, kwa faida.

Wastani wa zamani nao si wa kutegemea sana. Kumbukumbu za kuchanua kwa micheri ya Kyoto zinarudi nyuma hadi karne ya 9, na mwaka 2021 ilichanua kikamilifu tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu hizo. Kitabu cha mwongozo kilichochapishwa zamani kinaelezea hali ya hewa ambayo imeshaondoka. Huwa naipa nafasi zaidi miaka kumi ya karibuni.

Hata hivyo, simu moja kwa mtu aliye mahali penyewe inashinda yote haya, mradi umuulize vizuri. Ukimuuliza, "Maua yapo?" atakuambia yapo. Muulize kuhusu matumba: yamefungwa kabisa, yameanza kuonyesha rangi, yamefunguka nusu, au petali zimeanza kudondoka? Hapo anakwenda kutazama, au anakumbuka alichokiona asubuhi, na jibu lake linakuwa na uzito. Nimepata kuahirisha safari kwa jibu moja la namna hiyo, na nilipofika siku zilizofuata nilikuta ndiyo kwanza maua yanafunguka.

Upande wa tiketi na vyumba, ninagawanya safari mara mbili: vitu vigumu na vitu vilegevu. Tiketi ya ndege ni ngumu, kwa hiyo naipeleka katikati ya upana wa msimu, kwenye mji wenye njia nyingi za kwenda milimani na mabondeni. Vyumba na usafiri wa ndani navifanya vilegevu kadiri iwezekanavyo, hata kama vinagharimu zaidi kidogo, kwa sababu ndani ya siku hizo ndipo ninapolifuata ua. Nikilazimika kuchagua kati ya kuwahi na kuchelewa, nachagua kuwahi. Matumba yaliyokomaa yanaweza kufunguka mbele yako siku mbili zijazo. Petali zilizoanguka hazirudi mtini. Najua wapo wanaopenda kupukutika kuliko kuchanua, na kwa sakura nawaelewa vizuri, lakini hilo ni chaguo la mtu aliyekwisha kuyaona maua yenyewe.

Na siku za katikati ya wiki ni bora kuliko mwisho wa wiki, hapo sina la kuongeza.

Wingi wa watu, hata hivyo, unahitaji kusemwa kwa uzito wake. Machi 2019, katika bonde la Walker Canyon karibu na mji wa Lake Elsinore, California, popi za rangi ya chungwa zilifunika milima baada ya kipupwe chenye mvua nyingi. Watu walikuja kwa maelfu, barabara zikaziba, na wengi wakatoka nje ya njia kupiga picha wakiwa wamelala au kusimama ndani ya maua. Popi iliyokanyagwa kabla ya kutoa mbegu haiachi kitu kwa miaka ijayo, na udongo ulioshindiliwa hauoteshi vizuri. Maua yaliporudi kwa wingi mwaka 2023, mamlaka za mji zililifunga bonde mapema. Naliunga mkono kabisa lile lango lililofungwa. Tangu hapo, kabla ya kuchagua mahali, natafuta kwanza kama pana njia zilizotengenezwa na kama pana watu wanaopalinda. Pasipo na hivyo, na maua ni machache, siweki picha yenye jina la mahali. Naandika mkoa, naishia hapo.

Sasa nifike kwenye lile ua la miaka kumi na miwili. Neelakurinji huota katika milima ya kusini mwa India, na katika nyanda za Munnar, jimbo la Kerala, huchanua kwa pamoja mara moja katika miaka kumi na miwili, kisha mmea hufa na kuiachia mbegu zamu. Ilichanua 2006, ikachanua 2018. Mwaka huo wa 2018 nilikuwa nimepanga kwenda Agosti. Mwezi huohuo Kerala ilipatwa na mafuriko makubwa, milima ikaporomoka, na barabara za Munnar zikakatika. Watu wa kule walikuwa katika msiba, na hapakuwa mahali pa mgeni wa maua. Nilisogeza safari hadi mwishoni mwa Septemba, baada ya kuhakikisha kwamba barabara zimefunguliwa na kwamba wenyeji wenyewe wanawaomba wageni warudi, maana wengi wao riziki yao ni wageni. Mvua ilikuwa imeyachelewesha maua pia. Katika Hifadhi ya Taifa ya Eravikulam nilikuta miteremko ya rangi ya buluu inayoelekea zambarau, si yote, kwa mabaka makubwa, na mbuzi wa milimani wa kule, wanaoitwa tahr, wakipita katikati yake bila wasiwasi.

Nilichojifunza pale ni kwamba hata ua lenye hesabu kamili ya miaka bado lina mvua yake ndani ya mwaka. Hesabu inakupa mwaka, na mvua ndiyo inayokupa wiki. Tena makundi ya neelakurinji katika milima mingine hufuata hesabu zake yenyewe, kwa hiyo anayesikia kwamba imechanua mahali fulani katika mwaka usio wa Munnar asidhani ni uongo.

Zamu ya Munnar inayofuata ni 2030. Nimeshaanza kuipanga. Tiketi ya ndege nitaiweka Septemba badala ya Agosti, ili mvua kubwa iwe imepungua. Kuanzia Juni nitafuatilia mvua ya Idukki, wilaya ambamo Munnar imo, kama ninavyofuatilia ya Namaqualand. Munnar huingiwa kutoka Kochi upande wa magharibi na kutoka Theni, jimbo la Tamil Nadu, upande wa mashariki, na njia zote mbili zimo kwenye daftari, ili moja ikikatika niweze kuitumia nyingine. Hifadhi ya Eravikulam huweka kikomo cha wageni, hivyo tiketi ya lango nitaikata mara itakapoanza kuuzwa, na chumba nitachukua kinachoruhusu kubadilisha tarehe.